Pilipili ya Achari Isiyowasha: Mbegu Utaitoa Wapi, na Ukali Utaupimaje?

Mwaka juzi nilinunua pakiti ya mbegu katika duka moja la pembejeo hapa Nakuru. Picha ya juu ilionyesha pilipili ndefu za manjano iliyopauka, zimejikunja kidogo kama ndizi changa. "Dada, hiyo ni ya saladi, haiwashi," muuzaji akanihakikishia. Nikasia mbegu, nikapandikiza miche 12 nyuma ya nyumba, na ulipofika wakati wa kuvuna nikajaza chupa 8 za achari. Kabla ya kufunga vifuniko nilionja pilipili mbili, moja mwanzoni mwa kazi na moja mwishoni. Zilikuwa tamu, zimejaa maji, hazina hata chembe ya ukali. Chupa mbili nikazituma Kisumu kwa shangazi yangu, ambaye ana vidonda vya tumbo na hajagusa pilipili kali kwa miaka mingi, lakini hamu ya kitu cha siki cha kulia samaki haijawahi kumtoka.

Baada ya wiki moja akanipigia simu. Hakuuliza habari za watoto wala za mvua. "Mwanangu, umenitilia nini humu?"

Niliumia sana, maana achari yote ile niliitengeneza nikimfikiria yeye. Lakini pia nilibaki na fumbo. Ulimi wangu ulikuwa umeonja na haukuwaka. Chupa moja imetoka wapi na moto ambao pilipili zake hazikuwa nao? Tangu siku ile nimepanda pilipili hizi misimu kadhaa, nimeuliza wakulima na wauza mbegu, na nimeelewa kwamba tunapouliza kama pilipili fulani inawasha, tunauliza maswali matatu kwa mkupuo: inaitwaje, imezaliwa na nani, na imelelewa vipi. Kila swali lina jibu lake, na majibu hayo yakichanganywa ndipo mtu anapotumiwa moto kwenye chupa.

Majina yenyewe ni kichaka. Huku kwetu ukisema hoho, kila mtu anaona lile tunda nene la kukatia kwenye kachumbari, ambalo haliwashi kabisa. Lakini fungua kamusi za zamani za Kiswahili, utakuta pilipili hoho ndiyo ile nyekundu ya kuwasha, na kazi ya neno hoho ilikuwa kuitofautisha na pilipili manga, yaani pilipili iliyokuja kutoka Uarabuni. Neno limehama kutoka kwenye ukali hadi kwenye utamu, na halikumwambia mtu. Pilipili kichaa ni vile vidogo vya kuchomoza juu, ambavyo hakuna anayevikosea. Pilipili mbuzi ni ile yenye mikunjo na harufu ya matunda. Katikati ya hoho na kichaa kuna kundi kubwa ambalo Kiswahili hakijalipa jina linalotosha: pilipili ndefu, nene kiasi, zenye ngozi inayong'aa kama iliyopakwa nta, ambazo dunia nzima inazitia kwenye siki. Sokoni zinaitwa tu pilipili ndefu, na jina hilohilo linabeba pia zile kali za kukausha. Hapo ndipo mnunuzi anapopotea.

Ukilichambua kundi hilo, utapata aina chache za kujua kwa majina. Ipo Sweet Banana, ya manjano iliyopauka, ambayo ukali wake ni sifuri au karibu na hapo. Ipo pepperoncini ya Waitalia na Wagiriki, fupi kidogo, yenye makunyanzi, ukali wake ni wa kutekenya tu. Ipo jalapeño ya Meksiko, ambayo kwa mtu asiyezoea ni kali ya kutosha, ingawa chuo kikuu cha Texas A&M kilizalisha kwa makusudi aina yake ya upole, TAM Mild Jalapeño. Wapishi wa Kigujarati nao wana pilipili yao kubwa ya kijani, ya Bhavnagri, ambayo huipasua, huijaza viungo, huikaanga au huitia kwenye achari. Nawataja kwa sababu neno achari lenyewe tumelipata kupitia Bara Hindi, na reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 jamii zao zilijenga pale maduka na majiko ambayo bado yapo. Ukiwa Kisumu na unatafuta pilipili pole ya achari, mzee Mhindi anayeuza viungo ni mtu wa kuulizwa kabla ya intaneti.

Halafu ipo Hungarian Wax. Hii ndiyo mtego. Ina umbo la Sweet Banana, rangi ya Sweet Banana, ngozi ya Sweet Banana. Ukiziweka mbili juu ya meza, mimi sitakuambia ipi ni ipi, na muuza mbegu hatakuambia. Wakati mwingine Hungarian Wax huuzwa kwa jina la Hot Banana, na neno moja dogo kwenye pakiti ndilo linalotenganisha chakula cha mtoto na kitu cha kumtoa mtu machozi. Mbegu zenyewe ni vijisahani vya rangi ya krimu, sawa kabisa kwa aina zote hizi.

Tofauti ya ukali wake ni kubwa kiasi gani? Hapa inabidi tumtembelee mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, ambaye mwaka 1912 alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Parke-Davis, mjini Detroit. Alitaka kujua pilipili aliyonunua ina nguvu kiasi gani, na hakukuwa na mashine ya kumwambia. Akaroweka pilipili iliyosagwa kwenye alkoholi, akachuja, akaanza kuichanganya na maji ya sukari, akizidisha maji mpaka waonjaji wake wasisikie mwasho tena. Ikiwa tone moja la mchujo lilihitaji maji mara 5,000 ili moto upotee, basi pilipili hiyo ni 5,000 kwa kipimo chake. Hoho ni sifuri. Sweet Banana na pepperoncini ni kati ya 0 na 500. Jalapeño ni 2,500 hadi 8,000. Hungarian Wax mara nyingi hutajwa kati ya 5,000 na 10,000. Cayenne, ile ndefu nyekundu ya kukausha, ni 30,000 hadi 50,000. Pilipili mbuzi na ndugu zake wa jamii ya habanero huvuka 100,000.

Siku hizi maabara hazitumii ndimi za watu. Zinapima kapsaisini, kemikali inayowasha, kwa mashine, kisha zinageuza jibu kuwa kipimo cha Scoville. Kapsaisini tupu ni kama 16,000,000, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: pilipili ya 8,000 ina takriban nusu gramu ya kapsaisini katika kila kilo. Lakini soma vizuri, kilo hiyo ni ya pilipili kavu. Pilipili mbichi ni maji kwa takriban tisa ya kumi, ndiyo sababu namba ya kwenye pakiti na moto wa mdomoni havilingani jinsi mtu anavyotarajia. Mimi nazichukulia namba hizi kama umri wa kukadiria. Zinakuambia huyu ni mtoto na huyu ni mzee, hazikuambii alizaliwa saa ngapi.

Na kwa nini kapsaisini inaunguza? Mwaka 2021 David Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Ardem Patapoutian, na sehemu ya kazi yake ilikuwa hiyohiyo: alitumia kapsaisini kutafuta mlango katika neva unaofunguka kapsaisini inapougusa. Mlango huohuo hufunguliwa na joto la kuchoma. Mdomo haujadanganywa kwa mfano wa maneno tu, kwa habari za neva umeungua kweli. Ndege mlango wao haufunguki kwa kapsaisini, na ndiyo maana kuku wako anaokota pilipili kichaa kama anavyookota mahindi, huku wewe ukimtazama kwa mshangao.

Sasa turudi kwenye chupa ya shangazi. Nilikata simu, nikachukua kisu na kibao cha kukatia, nikaenda nyuma ya nyumba. Miche 12 ilikuwa bado imesimama na pilipili juu yake. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuonja pilipili mbili na kudhani nimeonja shamba. Safari hii nilichuma moja kutoka kila mche, nikazipanga kwa mstari, nikazipasua kwa urefu.

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu ndani ya pilipili ndimo majibu yalimo. Watu wengi wanaamini ukali uko kwenye mbegu. Hauko huko. Ukipasua pilipili utaona utando mweupe unaoshuka kutoka kwenye kikonyo, ambao mbegu zimeuning'inia. Kapsaisini hutengenezwa kwenye utando huo. Mbegu huwasha kwa sababu zimelala juu yake na kupakwa mafuta yake, kama nguo inavyonuka moshi bila kuwa kuni. Inamisha kipande hicho kwenye mwanga wa dirisha. Katika pilipili inayowasha, utando una vijipu vidogo sana kama malengelenge, na mara nyingi vina umanjano wa mafuta ndani. Katika hoho, utando ni laini mtupu. Katika zile 12 za kwangu, tisa zilikuwa laini. Tatu zilikuwa na malengelenge, na umanjano wake ulionekana hata bila miwani. Nikagusisha ncha ya kisu kwenye utando wa moja, nikaipeleka ulimini. Kwa sekunde kadhaa sikusikia kitu. Kisha ikaja, na haikuondoka mpaka nikanywa kikombe kizima cha maziwa mala.

Tisa tamu, tatu kali, kutoka pakiti moja. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifungua macho, kwa maana ingekuwa nimeuziwa Hungarian Wax, zote 12 zingewasha. Jina lilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni ukoo.

Maua ya pilipili hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini nyuki hawafuati utaratibu wetu. Nyuki akitoka kwenye ua la pilipili kali akatua kwenye ua la pilipili tamu, huacha chavua. Majirani zangu wengi husema hoho zao zimewasha kwa sababu zimepandwa karibu na pilipili kichaa. Nimelisikia hili huko Bahati, hapa Nakuru, nimelisikia sokoni Kibuye, Kisumu, na nimelisikia kwa watu wenye shamba kubwa kuliko langu mara mia. Halina ukweli kwa namna linavyosemwa. Tunda la msimu huu, nyama yake na utando wake, ni mwili wa mama. Baba aliyeletwa na nyuki hawezi kuubadilisha. Hoho iliyochavushwa na pilipili kichaa itabaki tamu, utaila kwenye kachumbari na hutajua kilichotokea. Alama ya baba iko ndani ya mbegu tu. Mbegu hiyo ikipandwa msimu unaofuata, ndipo mche mzima unapotoa pilipili zinazowasha.

Kwa hiyo ukiona hoho yako inawasha leo, usimlaumu jirani wa leo. Nyuki alipita kabla mbegu haijaingia kwenye pakiti.

Na kwa nini mtoto afuate ukali wa baba, asifuate utamu wa mama? Kwa sababu kinasaba cha kutengeneza kapsaisini kinatawala. Kimoja tu kikiwapo, pilipili inawasha. Ili isiwashe inabidi irithi upungufu huo kutoka pande zote mbili. Ukichukua mbegu za mche chotara wa namna hiyo ukazipanda, kwa wastani miche mitatu kati ya minne itawasha na mmoja atakuwa tamu. Kiasi cha moto ni habari nyingine, kinaamuliwa na vinasaba vingi pamoja, ndiyo maana hata zile tatu zangu hazikulingana. Lakini kuwasha au kutowasha kabisa, hilo huamuliwa na kinasaba hicho kimoja.

Sheria hiyo ina upande wa faraja, ambao mtu anayetafuta mbegu pole anapaswa kuukariri: utamu hauwezi kuficha ukali ndani yake. Mche ambao utando wake hauwashi kabisa hauna kinasaba cha moto popote mwilini. Ukijichavusha wenyewe, watoto wake wote watakuwa tamu. Ukali unaweza kubeba utamu kwa siri vizazi hadi vizazi, lakini utamu haubebi ukali. Tutaitumia sheria hii mwishoni.

Linabaki swali la malezi. Mche wenye kinasaba cha moto huongeza au hupunguza kapsaisini kwa jinsi unavyoishi. Kiu na joto kali huongeza. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru kama mita 1,850, kwa hiyo jalapeño ya mbegu moja iliyopandwa bondeni Ahero bila kumwagiliwa ikizidi kidogo ile ya Bahati kwa ukali, sitashangaa. Umri wa tunda nao una neno. Kapsaisini huanza kujengeka wiki tatu hivi baada ya ua kufunga, na hufika kilele karibu na siku ya 40 hadi 50. Pilipili changa ya urefu wa kidole kidogo ni shahidi mbaya, itakuambia haina kitu, na haisemi uongo, ni kwamba haijafika. Lakini kumbuka mpaka wa malezi: kiu haiwezi kuifanya hoho iwashe. Isiyo na kinasaba haina cha kuongeza.

Basi ukivuna pilipili zinazowasha pasipotarajiwa, chunguza hivi. Zikiwasha miche yote, umeuziwa aina nyingine. Ikiwasha michache na mingine haina kitu, nyuki aliingia shambani kwa mzalisha mbegu. Mche uleule ukitoa pilipili pole mwezi huu na kali mwezi ujao, umeukosesha maji au umechuma kwa umri tofauti. Utambuzi huu umenisaidia kuliko namba zote za Scoville.

Kuonja kwenyewe kuna adabu yake. Usianze na utando. Kata ncha ya chini, ambayo ndiyo sehemu pole kuliko zote, iguse ulimini, usubiri dakika nzima kwa saa. Moto wa kapsaisini hauji mara moja, na anayeharakisha huongeza kipande cha pili wakati cha kwanza hakijasema. Ukiona kimya, panda hadi kwenye bega la pilipili, karibu na kikonyo. Kimya tena, gusa utando kwa ncha ya kisu. Utando ukinyamaza, mche huo ni tamu, huna haja ya kuuliza tena. Kati ya mche na mche, kunywa maziwa au mala. Maji hayasaidii, kapsaisini ni ya mafuta na maji huizungusha tu mdomoni, ilhali protini ya maziwa huishika na kushuka nayo. Tonge la ugali baridi nalo husafisha ulimi vizuri. Mimi huonja miche minne tu kwa kikao. Ulimi huchoka, na uliochoka huita kali pole. Scoville mwenyewe hakutegemea ulimi mmoja. Kwa hiyo mwite nyumbani mtu asiyekula pilipili kabisa, tena awe na neno kubwa kuliko lako, maana wewe uliyezoea kichaa kwenye kila sahani huwezi kumhukumia mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Na kisu kifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha sabuni, kabla ya kugusa pilipili inayofuata. Kisu kilichotoka kwenye pilipili kali kitaisingizia tamu.

Kuhusu fumbo la ile chupa: pilipili chache kutoka ile miche mitatu mikali zilitosha. Mafuta ya utando huvuja taratibu kwenye siki, na siku zinavyopita vile vipande vitamu hunywa ukali wa jirani zake. Ndani ya chupa hakuna pilipili pole pamoja na kali, muda ukipita zote zinakuwa zinazowasha. Hivyo kama una shaka na pilipili moja, usiitie. Au ing'oe utando wote na mbegu kabla ya kuitia, na ukali mwingi utakuwa umeutupa kwenye mboji. Siki iwe ya asidi asilimia 5, isizidishiwe maji kupita nusu kwa nusu, kwa sababu pilipili ndani ya chupa iliyofungwa isipopata asidi ya kutosha inaweza kuzalisha sumu ya botulinamu, ambayo haina harufu wala ladha.

Sasa mbegu zenyewe. Kwenye maduka ya pembejeo ya Nakuru, Kisumu, Kakamega au Kitale utapata bila shida California Wonder, ambayo ni hoho, na cayenne ndefu ya kuwasha. Sweet Banana na pepperoncini huja na kupotea. Ingia duka lenye wauzaji wa jumla na utaje jina kamili la aina. Ukisema tu pilipili isiyowasha, utapewa hoho kila mara, na muuzaji hana kosa. Hoho yenyewe si mbaya kwa achari ukiikata vipande vyembamba, ila ngozi yake hulegea kwenye siki haraka kuliko ile ya nta.

Kwenye pakiti soma jina la aina, tarehe ya mwisho, na kama ni F1. Mbegu za pilipili huchoka mapema, zilizokaa dukani miaka mitatu minne huota kwa kusitasita. F1 ni mseto uliochavushwa kwa kudhibitiwa, kwa hiyo hatari ya nyuki ni ndogo na miche hufanana, lakini mbegu utakazotoa humo hazitafuata mama. Palipo na stika ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kwangua upate nambari na uitume kwa SMS kwenda 1393 ili kujua kama mbegu ni halali. Wanaoagiza pakiti kutoka ng'ambo kwa posta wafahamu kwamba mbegu huingia Kenya kwa kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Pakiti iliyojificha ndani ya barua inaweza kutuletea ugonjwa ambao mashamba yetu hayajauona, na sisi wa magharibi tayari tuna mnyauko wa bakteria wa kututosha. Kwa sababu ya mnyauko huo, usipande pilipili mahali palipotoka nyanya au viazi.

Wapo wanaojaribu mbegu za kwenye chupa ya achari ya dukani. Zimekufa, siki na moto wa jikoni vimezimaliza. Wapo wanaotoa mbegu kwenye hoho ya kijani ya sokoni. Hizo ni changa, hazijakomaa, chache zitaota na miche itakuwa dhaifu. Tafuta pilipili iliyoiva kabisa hadi ikawa nyekundu au ya chungwa. Pilipili nzima zilizokaushwa kwa jua mara nyingi huota vizuri. Kwa wale wenye moyo wa kuhifadhi mbegu, Gilgil, humuhumu kaunti ya Nakuru, lipo shirika la Seed Savers Network ambalo limejikita katika kuwafundisha wakulima namna ya kutunza na kubadilishana mbegu zao. Kwa mtu anayetaka kujifunza kazi hiyo kwa mikono, ni safari fupi yenye faida.

Pakiti yoyote utakayopata, ijaribu kabla ya kutegemea. Funga mbegu 10 ndani ya karatasi ya shashi yenye unyevu, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka mahali penye joto. Pilipili hupenda nyuzi 25 hadi 30. Kisumu hupati shida, lakini usiku wa Nakuru ni baridi, kwa hiyo mimi huweka juu ya friji, au pembeni mwa jiko baada ya chakula cha jioni. Wiki mbili hadi tatu, hesabu zilizochipua. Zikiwa chini ya 5, sia mara mbili ya unachohitaji.

Ukishapata mche mmoja ambao utando wake haukukuwasha hata kidogo, huna sababu ya kutegemea tena duka. Nilifanya hivi kwa ile tisa yangu. Zile tatu kali niliziondoa, zikaenda kwa jirani anayependa moto. Kisha kwenye mche mzuri kuliko yote, wa tatu kutoka ukutani, nilichagua tawi lenye machipukizi ya maua yasiyofunguka, nikaondoa maua yote yaliyofunguka na matunda yote yaliyokwisha kushika, nikalivika tawi mfuko nilioushona kwa kipande cha chandarua cha zamani, nikakaza mdomo kwa uzi. Nyuki wakazunguka nje siku nzima. Kila asubuhi nilitikisa tawi kidogo ili chavua idondoke yenyewe. Matunda manne yalipoanza kuonekana ndani ya chandarua, nikafunga uzi mwekundu kwenye kila kikonyo, kisha nikautoa mfuko. Hayo sikuyachuma. Niliyaacha yapite manjano, yapite chungwa, yawe mekundu na kuanza kusinyaa, kama miezi miwili.

Mbegu nilizianika kwenye sahani kivulini kwa siku kumi, mpaka zikawa zinavunjika badala ya kupinda. Nusu ziko kwenye chupa ndogo kabatini. Nusu nilizikunja ndani ya karatasi, nikazipeleka Kisumu kwa mkono wangu, na juu ya karatasi nikaandika kwa kalamu ya wino: "Shangazi, mche wa tatu, chini ya chandarua. Nimeonja utando."